Damu Safi ya Atuganile

Kama kuna mahali ambapo mtu mwenye akili zake hatafuti mchumba, ni kwenye benchi la maabara siku ya Jumatatu. Siku hiyo Tukuyu nzima huwa imeamua kuumwa. Wajawazito wamejaa upande huu, wazee wa sukari upande ule, watoto wanalia hata kabla ya kuiona sindano, na mvua ya kwetu, ambayo haijui Jumatatu wala Jumapili, inapiga bati mpaka majina yanayoitwa hayasikiki.

Hapo ndipo Atuganile alipoitwa mara tatu asisikie. Mara ya nne mwitaji alitoka mwenyewe mlangoni, kijana mrefu wa koti jeupe lililofuliwa likatakata, kalamu mbili mfukoni na karatasi mkononi.

“Atuganile ni nani hapa? Nimeita mpaka koo limenikauka.”

“Ni mimi. Pole, kaka. Nilidhani unamwita mtu mwenye haraka.”

Benchi zima lilicheka. Kijana alitaka kukasirika, akamtazama vizuri huyo aliyesema, hasira ikamwisha. Aliona dada wa miaka ishirini na sita hivi, sketi ya kitenge cha bluu, sweta la njano, mabuti ya mvua yenye matope ya Kisondela, na macho yaliyoendelea kucheka hata mdomo ulipotulia. Kijana mwenyewe aliitwa Hosea, mtaalamu wa maabara, na ugonjwa alioupata pale mlangoni hakuwahi kuupona.

“Kaa hapo. Kunja mkono wa sweta,” alimwambia ndani. “Unanuka maziwa.”

“Nanukia maziwa. Kunuka ni humu kwenu.”

“Unafuga?”

“Napokea. Niko kituo cha maziwa Kisondela. Wakulima wanaleta, mimi napima. Namimina kidogo kikombeni na spiriti, natikisa, yakiganda yanarudi nyumbani. Kuna wazee hawanisalimii kwa sababu hiyo.”

“Kumbe sote ni watu wa kupima. Umekunywa dawa yoyote wiki hii?”

“Chai tu.”

Alimfunga mpira mkononi, akautafuta mshipa kwa kidole, taratibu kuliko ilivyohitajika. Damu ikiingia kwenye kichupa, Atuganile alimweleza maumivu yake, kwa sababu mtu anayekutoa damu humfichi mengi.

“Ungenikuta Alhamisi ungenihurumia. Kiganja kilivimba nikashindwa kufunga kifungo cha blauzi. Kabla ya hapo lilikuwa goti. Linakaa siku tatu, nne, halafu linaondoka bila kuaga. Asubuhi ndiyo balaa, na maziwa nayo yanakuja asubuhi.”

Hosea aliipandisha damu kwenye mrija mwembamba wa kioo wenye alama, akausimamisha kwenye stendi.

“Hiki kipimo hakina haraka. Damu inasimama saa nzima, ndipo tunasoma imeshuka kiasi gani. Ikishuka sana, mwilini kuna moto.”

“Saa nzima? Mimi maziwa nayamaliza nusu dakika.”

“Basi kaa hapo nje, nitakuwa napita kukuona kama hujakimbia.”

Alipita mara tano. Mara ya tano hakuwa hata na karatasi ya kusingizia. Saa ilipotimia majibu yalikuwa kumi na nne, yaani hakuna cha kusema. Daktari Hellen, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliyasoma akatikisa kichwa.

“Mimi nahisi ni baridi yabisi, ile inayokula viungo. Lakini siwezi kukuandikia rufaa ya Mbeya kwa hisia zangu. Uje siku ile ile unapovimba, binti. Tuukamate ukiwa nyumbani.”

Pale mlangoni Hosea alikuwa anamsubiri. “Niachie namba yako, kwa ajili ya majibu.”

“Majibu si ninayo mkononi?”

“Yanaweza kubadilika.”

Akamwachia. Ndugu msomaji, sitakuchosha na namna watu wanavyopendana, unaijua. Simu ya asubuhi, simu ya mchana, na ujumbe wa “umekula?” kutoka kwa mtu anayejua fika kwamba umekula. Hosea alikuwa mwenyeji wa Kisondela hukohuko, ila alipanga chumba mjini kwa sababu ya kazi. Ghafla akawa mtoto mwema anayekwenda kwa wazazi kila Jumamosi, na njia ya kwenda kwa wazazi ikawa inapita kituo cha maziwa.

“Malkia wa maziwa,” alimwita kwenye simu, “leo umerudisha ya nani?”

“Ya shemeji yako mmoja, ameongeza maji mpaka ng'ombe angeona aibu. Na wewe leo umemtoboa nani?”

“Nimetoboa ishirini na nane. Hakuna hata mmoja mwenye mshipa mzuri kama wako.”

“Wanaume wengine wanasifia macho, wewe unasifia mshipa.”

“Macho nitayasifia nikija. Simu haiyatoshi.”

Ugonjwa nao ulikuwa na tabia za mwizi wa kuku: ukifika na taa, umeshaondoka. Unamvimbisha Jumanne, na Jumanne hakuna wa kupokea maziwa ila yeye na mwenzake Tulia. Ijumaa akifika mjini, goti limeshanywea. Kipimo cha pili kilikuwa ishirini na mbili. Daktari Hellen alirudia maneno yale yale. Lakini Hosea hakujali namba. Siku moja alimkuta Atuganile ameshika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto, vidole vimekataa kukunjika, akamnywesha chai mwenyewe mbele ya Tulia bila kuona haya.

“Nikikuoa,” alisema, “asubuhi vifungo vyako vyote nitafunga mimi.”

“Na usiku?”

“Usiku kazi ni ya kufungua.”

Tulia alikimbilia nje akicheka. Mwezi wa tano posa ilipelekwa kwao Atuganile, Suma, ng'ombe wawili wakapokelewa, na ndoa ikapangwa kufungwa kanisani baada ya mavuno.

Sasa hapa inabidi niseme jambo la kwetu. Baba yake Hosea, mzee Nsajigwa, alikuwa mzee wa kanisa na mzee wa mila kwa wakati mmoja, na hakuona vinagombana wapi. Kwa Wanyakyusa wa kale, posa ikishapokelewa, binti na baba mkwe hawaonani uso. Wenyewe wanaita ukutila. Mzee akija njiani, binti anaingia shambani, anajifunika khanga, anageuka. Hamsemeshi, hamtaji jina. Si chuki, ni heshima kubwa kuliko zote, na vijana wengi siku hizi wameiacha. Mzee Nsajigwa hakuiacha, na Atuganile, kwa kumpenda Hosea, aliishika kwa moyo wote.

Shida ni kwamba mzee alikuwa analeta maziwa kituoni. Wakapatana bila kupatana. Kila asubuhi mzee akifika konani na baiskeli yake alikohoa. Atuganile akiingia chumba cha nyuma chenye keni tupu za maziwa, Tulia anapokea maziwa, mzee anakwenda zake. Mwezi mzima mambo yalikwenda hivyo, na watu wakamsifu binti wa Suma kwa adabu.

Mwezi wa sita ulipoingia na baridi yake, Tulia alikwenda msibani Ikuti. Asubuhi hiyo Atuganile alifungua kituo peke yake. Mikono ilikuwa imevimba tangu alfajiri, funguo alizungusha kwa meno. Alipokaa kwenye kigoda kupima maziwa ya kwanza, magoti yote mawili yakakaza, na akajua hawezi kuinuka.

Mzee Nsajigwa alikohoa konani.

Atuganile alishika meza, mkono ukateleza. Mzee akakohoa mara ya pili, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi. Wakulima wanne walikuwa kwenye foleni wakitazama. Angesema tu, “Tata, siwezi kuinuka,” yangekwisha. Lakini kumsemesha mkwe ni kosa kubwa kuliko kumtazama. Alijaribu kuivuta khanga usoni, vidole havikushika kitu. Mzee akatokea mlangoni na keni yake, wakatazamana ana kwa ana. Atuganile alifanya kitu kimoja alichoweza, akafumba macho.

Waliokuwepo walisema alijifanya amelala. Mzee aliweka keni chini, akaondoka kwa miguu, akasahau hata baiskeli.

Mchana simu ililia. “Atu, umefanya nini?” Sauti ya Hosea ilikuwa ndogo. “Baba anasema ametukanwa mbele za watu.”

“Magoti yalikaza, mpenzi. Nilijaribu.”

“Najua. Mimi najua. Lakini wazee wameitisha kikao, baada ya wiki mbili, pande zote. Baba anasema mwanamke asiyemheshimu kabla ya ndoa hatamheshimu baada. Nimemwambia unaumwa, na nitamletea karatasi yenye muhuri. Karatasi wazee wanaiheshimu. Uje nikupime.”

“Leo siwezi kufika. Siwezi hata kupanda bodaboda.”

“Basi njoo siku ya kikao, asubuhi. Nitakupima, halafu twende wote.”

Hapo ndipo mimi hasira zinaponipanda kila ninapoisimulia habari hii. Mtu wa maabara anamwambia mgonjwa aliyevimba leo aje baada ya wiki mbili. Lakini alikuwa mwana aliyeogopa baba yake, na hofu ya baba humfanya mtu mzima kuwa mjinga.

Atuganile naye alikuwa na hofu yake. Kwenye kikao angetakiwa apige magoti mbele ya wazee wa pande mbili na kuomba radhi, na magoti hayakuwa yake. Kwa hiyo alikwenda duka la dawa la jirani, akapewa vidonge vidogo vyeupe ambavyo nusu ya wachuma chai wa huku wanavijua, vile vinavyoondoa uvimbe siku mbili tu na kukupa hamu ya kula. Alivimeza siku kumi na tatu. Hakumwambia Hosea, si kwa ujanja, ila aliona haya kwamba angekwenda kwa wazee akiwa amebebwa na vidonge. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nao hawakukosea.

Siku ya kikao alifika Tukuyu anatembea vizuri, gauni la maua meupe aliloshona kwa ajili ya siku hiyo, kilemba kipya, viatu vya kamba. Hosea alimpitisha mlango wa nyuma. Kwa kuwa alikuwa mchumba wake, hakumpanga foleni, hakumjazia fomu, na lile swali la dawa ambalo huwauliza wagonjwa wote kila siku, yeye hakumuuliza. Alimtoa damu, akausimamisha mrija, wakakaa wakishikana mikono kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe.

Saa ilipotimia Hosea aliinama kusoma. Akanyanyuka, akafuta miwani, akasoma tena.

“Saba,” alisema.

“Saba ni nzuri?”

“Saba ni ya mtu anayecheza mpira.”

Atuganile aliutazama mrija. “Siku ile nilishindwa kuinuka, Hosea.”

“Sijasema hukushindwa.”

“Lakini?”

“Lakini nilimwahidi baba. Nilimwambia damu yako itasema yenyewe. Sasa nimpelekee hii? Itasema ulikaa makusudi. Itasema mimi ni muongo.”

“Hiyo ni karatasi. Wewe unasemaje?”

Neno moja lingetosha. Angesema “nakuamini” tu, hata kwa sauti ya mgonjwa. Lakini alikuwa na vipimo vitatu kichwani, kumi na nne, ishirini na mbili, saba, na maishani mwake hakuwahi kufundishwa kuamini kitu kingine.

“Damu haidanganyi, Atu.”

Atuganile alivaa sweta lake. Hosea alimwangalia anavyofunga vifungo sita mfululizo bila taabu, akaona na hilo ni ushahidi. Binti alifika mlangoni akageuka.

“Ulininywesha chai kwa mkono wako,” alisema. “Siku ile ulikuwa unamnywesha nani?”

Atuganile hakwenda kwenye kikao. Wazee walikaa, wakamuuliza Hosea kama ana la kusema, akainamisha kichwa. Posa ikavunjwa, ng'ombe wawili wakarudishwa kutoka Suma kwa mguu, wakipita barabara kuu mbele ya kila mwenye macho.

Miezi sita Atuganile hakukanyaga maabara ile. Nani angekwenda? Alimeza vidonge vyake vyeupe, akavimba uso, akavimeza tena. Hosea alipiga simu, ikakatwa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Jumamosi alibaki mjini. Mzee Nsajigwa akahamishia maziwa yake kituo kingine cha mbali, akawa anapanda mlima na baiskeli kila asubuhi kwa ajili ya heshima yake.

Mwezi wa kumi na mbili vidonge vilikwisha dukani wiki nzima, na ugonjwa ukarudi kudai nafasi yake. Ulimshika Atuganile mabega, viganja, magoti, mpaka taya. Tulia alimkuta chini sakafuni asubuhi, hawezi kujigeuza. Hakuuliza ruhusa. Aliita gari la maziwa, wakampakia kati ya keni, wakamshusha Tukuyu.

Aliyekuwa zamu maabara ni Hosea.

Walitazamana. Hakukuwa na utani benchi lile siku hiyo. Hosea alitoa kiti nje mwenyewe, akapiga goti moja mbele yake, akaanza kujaza fomu kwa sauti ya kazini kwa sababu nyingine hakuwa nayo.

“Umekunywa dawa yoyote wiki hii?”

“Hakuna. Zilikwisha.”

“Zipi?”

“Vidonge vyeupe, vya uvimbe.”

Kalamu ilisimama. “Tangu lini unavitumia?”

“Tangu siku ile nilipobaki nimekaa mbele ya baba yako. Nilivinywa siku kumi na tatu ili niweze kuwapigia wazee magoti.” Alimtazama bila hasira, jambo lililokuwa baya zaidi. “Hukuniuliza, Hosea. Mimi sikujua kama vinazima kipimo. Wewe ulijua.”

Hosea alimtoa damu. Ule mshipa aliokuwa akiusifia kwenye simu aliupata mara ya pili. Akaingia ndani, akaketi mbele ya mrija saa nzima bila kufanya kazi nyingine, wagonjwa wakanung'unika, hakuwasikia. Damu ilishuka mbele ya macho yake, ikashuka, ikashuka. Akasoma mara mbili. Alitoka karibu anakimbia, karatasi juu, meno yote nje.

“Atu! Mia moja na nne. Mia moja na nne, mpenzi. Sasa baba ataamini, sasa hakuna mtu wa kusema kitu.”

Atuganile alikitazama kile kicheko.

“Umefurahi,” alisema.

“Hapana, mimi nina maana...”

“Umefurahi. Siwezi kufungua mdomo nile, Tulia ndiye amenivalisha, na wewe umetoka unacheka.”

Kicheko kilimtoka Hosea usoni, lakini kilikuwa kimeshaonekana. Tulia aligeukia ukutani. Daktari Hellen aliandika rufaa ya Mbeya siku hiyohiyo, na alipokuwa anakikunjua kiganja cha kulia cha Atuganile, vidole viwili vya mwisho vilibaki vimepinda.

“Hivi havitarudi,” alisema polepole. “Vingine tutaviokoa.”

Mbeya walimpa dawa ya kweli, ile ya kunywa mara moja kwa wiki, na kumwambia atapimwa damu kila mwezi maisha yake yote. Ilichukua muda, ikamkubali. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anafungua kituo mwenyewe kwa mkono, na ule uso wa kuvimba ukapungua, yakabaki macho yake. Lakini hayakuwa yanacheka peke yao kama zamani.

Hosea alikwenda kwa baba yake akamweleza yote, hata aibu yake mwenyewe hakuiruka. Mzee Nsajigwa alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

“Nilikohoa mara mbili,” alisema baadaye. “Yule mtoto akafumba macho. Nikasema ni dharau. Kumbe alikuwa ananitila kwa kope, hakuwa na kingine cha kunitilia.” Aliivaa kofia yake. “Ng'ombe ni walewale. Warudi Suma. Akikubali yeye.”

Jioni ile Hosea alipiga simu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita ilipokelewa.

“Usikate, Atu wangu. Sikuombi unijibu sasa.”

“Sema.”

“Nilikosa. Sina la kujitetea. Baba anasema ng'ombe warudi kwenu, na kesho analeta maziwa kituoni kwako mwenyewe. Nitakuja naye. Akikohoa, ukiingia chumba cha nyuma, nitajua umekuwa mkwe wake tena, na mimi nitajua niko hai.”

“Na nisipoingia?”

“Nitajua pia.”

“Hosea, ugonjwa huu ni wa maisha. Kuna siku utaonekana kwenye damu, kuna siku hautaonekana. Siku ya kuonekana, hata adui ataniamini. Mimi nitalala na nani ile siku damu itakaposoma saba?”

“Na mimi. Nakuapia.”

“Nakupenda,” alisema Atuganile. “Hilo usilitilie shaka hata kidogo. Kesho basi.”

Alimwambia Tulia yote wakiosha keni. “Sasa unalia nini?” Tulia alimuuliza. “Unampenda, anakupenda, mzee kanyenyekea. Ningekuwa wewe, ningeshaingia chumba cha nyuma tangu leo.”

“Nampenda, ndiyo maana naogopa. Angekuwa mtu nisiyempenda, asiponiamini ningemcheka.”

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba. Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, maana Kisondela habari haihitaji redio. Atuganile alivaa lile sweta la njano na kitenge kipya, akajitanda khanga safi, na Tulia alipoiona khanga ile moyo ulimtulia.

Mzee Nsajigwa alikohoa konani.

Atuganile aliinuka. Hakushika meza, hakushika ukuta, magoti yalimnyanyua vizuri. Hosea, akiwa nyuma ya baba yake na keni mikononi, shati jeupe limepigwa pasi, alimwona kupitia dirishani akiinuka na kuelekea mlango wa nyuma, na machozi yakamjia ya furaha. Atuganile alifika mlangoni. Alisimama pale, mkono kwenye fremu, mgongo kwa watu. Mzee akakohoa mara ya pili, polepole, kama anayeomba.

Binti aligeuka. Aliirudisha khanga mabegani, akarudi mpaka dirishani, akainama kidogo ili mzee amwone uso wote.

“Mugonile, tata,” alimsalimia.

Mzee alielewa kabla ya mwanawe. Mwanamke anayekusalimia usoni asubuhi ni mtoto wa jirani, si mkwe. Alivua kofia. Ndipo akaitikia.

“Ndaga, mwanangu,” alimshukuru. “Ndaga fijo.”

“Atu,” aliita Hosea.

“Sogeza keni, Hosea. Watu wanasubiri.”

Akaisogeza. Atuganile alichota kidogo, akamimina kikombeni na spiriti, akatikisa kwa vidole vitatu vizima na viwili vilivyopinda. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Aliinua kikombe kwenye mwanga, akakitazama vizuri, kwa haki, kama alivyowatazamia wote.

“Mazuri,” alisema, akaandika. “Anayefuata.”